Kabla Theluji Haijafunga Njia

6 Septemba

Leo nimemwambia Abdala kwamba nakwenda India, kwenye kijiji alikofia mtoto wetu, na nitakwenda hata kama yeye hataki. Alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini, akachukua panga, akaondoka kwenda kufyeka chini ya mikorosho. Hakusema ndiyo wala hapana.

Naandika kwa sababu humu ndani hakuna tena wa kuzungumza naye. Shamimu alikuwa mtoto wetu pekee. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni huko India, akisomea ufamasia. Mwezi wa nane chuo kilifunga kwa muda mfupi, yeye na rafiki yake Klementina, msichana wa Masasi, wakapanda milima ya Himalaya kwa gari la kukodi kwenda kuona kijiji kinachoitwa Tsomri, chenye monasteri ya zamani ya watawa wa Kibudha. Alinitumia picha akiwa amesimama mlangoni mwa monasteri, amejifunga mtandio wangu wa kijani. Wakati wa kurudi, mvua ikashusha kipande cha mlima juu ya gari. Dereva alikufa, na Shamimu akafa. Klementina alitolewa akiwa hai, mguu umevunjika.

Yeye ndiye aliyetupigia simu kutoka hospitali. Abdala alimuuliza jambo moja tu, kama mtoto wake amezikwa. Klementina akajibu, "Ndiyo, baba. Barabara imekatika, kwa hiyo wanakijiji wamemzika kule kule."

Tukamsalia sala ya ghaibu, tukasoma hitma, watu wakala wakaondoka. Abdala anasema ardhi yote ni ya Mungu. Sibishani naye. Ninachotaka kujua mimi ni nani alimwosha. Mama yangu nilimwosha kwa mikono yangu, na dada yangu pia. Mwanangu ameoshwa na nani, na walimfunika kwa kitu gani?

9 Septemba

Klementina amenipangia safari yote kwa simu. Dar hadi Delhi kwa ndege. Kutoka Delhi basi mpaka mji ulio chini ya milima. Kutoka hapo gari la jipu, siku mbili, kupita juu ya mlima ambako hata pumzi inakuwa ngumu. Nitalala Tsomri kwa watawa, maana wanapokea wageni, kisha nitarudi. Atanipokea Delhi mwenyewe na magongo yake.

Namwita mwanangu. Nikikata simu yake nabaki nimeishika mkononi.

Kitu kimoja tu kinanitisha. Njia ya kupita juu ya mlima hufungwa na theluji. Mwaka mwingine mwishoni mwa Oktoba, mwaka mwingine Novemba. Ikishafungwa, ni mpaka Juni.

11 Septemba

Mtihani wa darasa la saba. Joto. Abdala hajasema kitu.

20 Septemba

Nimekwenda Ruangwa kwa mdogo wangu Rashidy, mwenye duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Yeye ndiye anayenisaidia habari za pasipoti. Amefunga duka asubuhi nzima kwa ajili yangu, tukazunguka ofisi moja hadi nyingine. Mimi ni mwalimu, mtumishi wa serikali, siwezi kutoka nje ya nchi bila kibali, na kibali kinapita kwa mwalimu mkuu, kisha wilayani, kisha sijui wapi. Kila mtu ameniambia pole. Kila mtu pia ameniambia nisubiri.

Rashidy alininunulia chai na chapati. Akaniuliza polepole, "Dada, ukishafika utafanya nini?"

Nikamwambia nitakaa pale.

"Halafu?"

Nikamaliza chai yangu. Akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akamwambia dereva asikimbize.

24 Septemba

Upepo. Maua ya mikorosho yamekwisha, matunda yake, mabibo, yameanza kuwa mekundu.

28 Septemba

Ng'ombe wa Mabula wameingia shambani kwetu. Mabula ni Msukuma, amehamia upande wa Chinongwe na familia yake na mifugo yake miaka michache iliyopita, na kila msimu kuna maneno. Ng'ombe wanapenda mabibo, wanatafuna bibo pamoja na korosho yake, na msimu wa mtu unaishia tumboni mwao. Nimekuta kinyesi mpaka mstari wa tatu wa mikorosho.

Nimemwuliza Abdala alikuwa wapi, maana kila siku anashinda huko. Akasema hakuwaona. Nikamwambia aende ofisi ya kijiji. Akasema atakwenda. Hakwenda.

Nilikwenda mwenyewe mpaka kwao, nikamkuta mke wake, Lucia, anakamua. Nilisema maneno mengi, mengine sikupaswa kuyasema, kwamba watu wasio na kwao hawajui uchungu wa kupoteza. Alisimama na kibuyu mkononi, akaniacha nimalize. Akasema, "Samahani, mwalimu." Basi. Nikarudi na hasira yangu yote.

3 Oktoba

Nimemsikia mtawa.

Jina lake Stanzin. Klementina alituunganisha watu watatu kwenye simu moja, mchana wakati wa mapumziko. Mtandao wa kule ni wa kukatikakatika, sauti inakuja kama inatoka kisimani. Mimi nafundisha Kiingereza, lakini cha darasa la tano, na cha kwake kina lafudhi nzito, kwa hiyo Klementina alikuwa akitafsiri. Mtawa alisema mahali penyewe ni nje ya kijiji, baada ya mashamba ya shayiri, juu ya mto. Wamerundika mawe. Wamefunga kamba yenye vitambaa vya rangi vilivyoandikwa dua zao, upepo unavipeperusha.

Nikauliza nani alimwosha. Klementina alikaa kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Anasema atawauliza wanawake, mama." Na hapo mtandao ukakatika kweli.

Nikamsimulia Abdala. Nilidhani atafurahi kusikia kuna mahali, kuna mawe. Aliposikia habari ya vitambaa uso ulimbadilika.

"Wamemfungia dua zisizo zetu," alisema.

"Wamefanya walichojua."

"Basi ukienda, vitoe."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyosema kuhusu safari. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama anataka vitolewe aende akavitoe yeye, asikae hapa kama mtu ambaye hajafiwa. Alitoka, akakaa nje juu ya gogo. Ninamwona hivi sasa kupitia dirishani. Miaka yote hii ya ndoa sikujua kwamba nimeolewa na jiwe.

10 Oktoba

Pasipoti imetoka. Rashidy ameileta mwenyewe kutoka Lindi. Kibali bado.

13 Oktoba

Wanafunzi wameniuliza theluji ni nini. Nikawaambia ni maji yaliyoganda, yanashuka polepole bila sauti, yanafunika kila kitu. Mmoja akauliza kama inaua mazao. Nikawaambia fungueni vitabu.

17 Oktoba

Kibali kimetoka. Sasa ni viza. Nimemwomba Klementina anitafutie jipu kwa tarehe za mwisho wa mwezi. Amesema nisiharakishe, pengine ningojee mpaka Juni, kutakuwa na joto, na mguu wake utakuwa umepona anipeleke mpaka kule. Nikamwambia Juni sitafika, nitakuwa nimekufa. Akaanza kulia. Nikamtuliza, mimi ndiye niliyemtuliza.

21 Oktoba

Viza imepatikana. Ndege ni tarehe 28. Nimeazima koti zito la mwalimu mwenzangu, Albina, aliyewahi kufundisha kwenye baridi ya Makete. Nimekunja sanda nyeupe, nimeiweka chini ya begi. Sijui ya nini, kwa kuwa wamekwisha mzika. Nimeiweka tu.

Abdala aliniona naikunja. Akageuka akaenda zake shamba.

24 Oktoba

Theluji imeanguka. Imefunga njia.

25 Oktoba

Jana nilishindwa kuandika zaidi. Klementina alipiga asubuhi. Theluji imeshuka mapema mwaka huu, magari mawili yamekwama juu na watu wameokolewa kwa shida. Askari wameweka kizuizi chini ya mlima, hakuna jipu linalopanda tena. Nikamwuliza kama naweza kupita kwa miguu. Akasema, "Mama, hapana." Nikamwuliza kama kuna njia ya upande wa pili. Akasema ilibebwa na mafuriko ya mvua ile ile ya Agosti.

Nilimaliza vipindi vyangu. Nilisahihisha madaftari. Nilipofika nyumbani nikafungua begi, nikatoa kitu kimoja kimoja, nikarudisha kila kitu mahali pake, na koti nikalirudisha kwa Albina. Kisha nikakaa sakafuni, mgongo ukutani. Abdala aliporudi alinikuta hapo. Akasimama mlangoni, akasema, "Nimesikia." Halafu akawasha moto, akapika ugali. Hatukuula.

26 Oktoba

Hakuna.

30 Oktoba

Hakuna.

5 Novemba

Leo nimekwenda shambani bila kumwambia Abdala. Wenzetu wote wamekwisha peleka magunia chama cha ushirika na kwetu hakuna hata gunia moja, nikataka kujua kazi anayoifanya huko kutwa nzima.

Hakuna kazi iliyofanyika. Mabibo yamerundikana chini ya kila mkorosho, yameoza, nyuki na nzi, harufu ya pombe. Korosho bado zimeng'ang'ania mabibo yake, nyeusi, zimeota ukungu. Msimu mzima uko chini. Panga lake limechomekwa kwenye shina, limeshika kutu.

Lucia, mke wa Mabula, alikuwa anapita na ndoo zake za maziwa. Alitaka kunikwepa. Nilimwita, akaja akasimama mbali kidogo.

Nikamwuliza kama huwa anamwona mume wangu. Akasema kila siku. Akasema anakaa pale, akanionyesha mkorosho wa pembeni, na analia kwa sauti, kama mtu anayepigwa. Mwanzoni walidhani ni mgonjwa. Siku ng'ombe walipoingia alikuwa amekaa hapo hapo, wanakula mbele yake, na yeye anawatazama tu. Luka, kijana wao mkubwa, ndiye aliyekuja kuwatoa.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" nikamwuliza.

"Ulikuwa na uchungu, mwalimu. Na yeye ni mwanaume, angeona aibu."

Nikamwomba radhi kwa maneno yangu. Akatua ndoo. Akaniambia kwamba walipokuwa wanahama na mifugo kuja huku, mtoto wake wa mwisho alishikwa na homa njiani, wakamzika kando ya barabara na kesho yake wakaendelea, kwa sababu ng'ombe hawana maji na huwezi kuwasimamisha. Hajui hata jina la mahali. Kuna wakati anaota amepaona, anazunguka, hapati. Alisimulia hivyo kwa sauti ile ile anayouzia maziwa. Hakunipa pole wala mimi sikumpa. Tulikaa mpaka jua likaanza kutuchoma kichwani, akabeba ndoo zake akaenda.

Abdala hakuwa amefika bado. Nilipokutana naye njiani sikumwuliza kitu. Nilimshika mkono. Akashangaa, lakini hakuutoa.

8 Novemba

Tumekusanya korosho zilizobaki nzima, mimi na yeye. Hazijazi gunia. Hajalia mbele yangu.

14 Novemba

Stanzin, mtawa, amenipigia simu mwenyewe.

Nilikuwa darasani. Niliona namba ya India nikadhani ni Klementina. Nikawapa watoto zoezi, nikatoka nyuma ya darasa. Sauti ilikuwa safi. Alisema ameshuka mjini kwa majira ya baridi kabla njia haijafungwa kabisa, na huku mtandao upo, na amekuwa akinifikiria tangu siku ile, kwa sababu niliuliza swali na hakulijibu vizuri. Aliongea polepole, neno moja moja, kama ninavyoongea mimi na darasa langu. Nilimwelewa. Afadhali nisingemwelewa.

Aliniuliza kama Klementina yuko pamoja nasi kwenye simu. Nikasema hapana, niko peke yangu. Kisha akasema rafiki wa binti yangu alimwomba asiseme, lakini mama ameuliza, na yeye hawezi kumdanganya mama.

"Hakuna aliyemwosha," alisema. "Mama, hatukumpata."

Nikamwambia arudie.

Alirudia. Gari liliangukia mtoni. Dereva walimtoa, na Klementina walimkuta ukingoni. Shamimu alichukuliwa na maji. Wanaume wa kijiji waliufuata mto mpaka unapoingia kwenye korongo ambako mtu hawezi kushuka. Walirudi tena maji yalipopungua, na tena baada ya mavuno ya shayiri. Hawakupata mwili. Hawakupata hata kiatu. Yale mawe waliyarundika wao kwa sababu mgeni amefia kwao na hawakutaka aondoke bila alama. Chini ya mawe hakuna kitu.

Nilimwuliza mto ule unakwenda wapi. Akanitajia jina la mto mwingine, mkubwa zaidi, na mwingine baada ya huo, mpaka bahari.

Akasema wanamwombea kila asubuhi. Nikamshukuru. Nilimshukuru kabisa, kwa Kiingereza sahihi, nikakata simu, nikarudi darasani, nikasahihisha zoezi ubaoni. Sijui niliandika nini. Kengele ilipolia watoto walitoka kimya kimya, wasivyofanya siku zote.

15 Novemba

Nimempigia Klementina. Sikumsalimu. Nilimwambia nimeongea na Stanzin.

Alilia muda mrefu na sikumtuliza. Kisha akasema, "Mama, baba aliniuliza kama amezikwa. Alikuwa analia vile. Ningemwambiaje?"

Nikamwuliza kuhusu safari, mabasi, jipu, kitanda kwa watawa. Alinipangia vyote hivyo akijua. Akasema kila siku alisema kesho nitamwambia. Aliniona nimepata nguvu kidogo kwa kupanga. Alikuwa anaomba theluji ianguke mapema.

"Uliomba hivyo?"

"Niliomba, mama."

Nilikata. Nikamchukia mpaka jioni. Lakini nikifumba macho ninamwona amelala hospitali nchi ya watu, mfupa umetoka nje, na kwenye simu kuna mwanaume mtu mzima anamlilia amwambie mwanawe yuko ardhini. Ana umri wa Shamimu. Siku moja nitampigia. Siyo leo.

19 Novemba

Nimejaribu kumwambia Abdala. Nilianza, "Baba Shamimu, kuna jambo." Akaweka chini jembe, akanitazama kwa utulivu, akingoja. Nikasema paa la jikoni litavuja mvua ikianza. Akapanda juu akalitengeneza.

23 Novemba

Nimejaribu tena. Imeshindikana.

26 Novemba

Nimemwambia Lucia, kwa sababu nilihisi nitapasuka. Aliendelea kukamua mpaka kibuyu kikajaa. Kisha akaja akakaa karibu nami kabisa, bega kwa bega. Tulikaa hivyo. Hakunishauri nimwambie wala nisimwambie.

30 Novemba

Mvua ya kwanza. Imepiga usiku kucha. Kila mtu hapa kijijini kwetu Chiola anashukuru, wanasema imewahi. Mimi nasikiliza maji yanayokimbia kwenye mfereji nje ya nyumba na najua yanakokwenda, yanaingia korongoni, yanaingia mtoni, yanaendelea. Nimeziba masikio kwa mto wa kulalia.

4 Desemba

Abdala ameanza kuamka alfajiri. Amelima kipande cha nyuma ya nyumba, ametia mahindi na mbaazi. Anakula. Jana alimcheka kuku wa jirani. Nilisimama jikoni nikiwa na mwiko mkononi, nikisikiliza kicheko hicho.

7 Desemba

Sasa nimejua. Abdala alikwenda Ruangwa, nikadhani ni mbegu. Kumbe amekwenda kwa Rashidy kuuliza habari za pasipoti, yake. Rashidy amenipigia kwa furaha, akasema shemeji amebadilika, ametaka kujua kila kitu, viza, ndege, hata kama kule wanakula wali. Anataka twende wote Juni, njia ikifunguliwa.

"Umeshinda, dada," Rashidy akasema.

13 Desemba

Shule imefungwa. Mvua imekatika mchana, jua likatoka kali. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba, mimi nachambua mchele, Abdala anaufunga mpini wa jembe. Akasema amefikiri sana juu ya vile vitambaa. Hatavitoa. Wale watu wangeweza kumwacha barabarani, na hawakumwacha. Walimpa mtoto wa watu ardhi yao.

Nilitazama mchele.

Akasema hataki kufika kule awe kama bubu, mimi niseme kila kitu na yeye asimame tu. Anataka awaambie mwenyewe, kwa mdomo wake. Anataka kuwaambia asanteni kwa kumzika mwanangu.

"Kwa Kiingereza inasemwaje, Mama Shamimu?"

Yalikuwa pale, maneno yote ya Stanzin, yalikuwa mdomoni kabisa. Niliinua macho. Alikuwa amenielekezea uso wake, umenyooka, unangoja kama uso wa mwanafunzi wangu anayejua kwamba safari hii atapata.

Nikamwambia inavyosemwa. Akarudia, akakosea mwisho. Nikamsahihisha. Akarudia tena, polepole, mara nyingi, mpaka akaiweza.